Makumbusho ya wanasesere yanafungwa moja baada ya jingine: ukiwa ugenini unayapataje yaliyobaki, na maduka yake?

#1 BintiMakasha

Habari za humu, wapenzi wa wanasesere.

Orodha nyingi za makumbusho na maduka ya wanasesere zinazozunguka mtandaoni zimeshapitwa na wakati. Ukizifuata kama zilivyo, utakata tiketi ya kwenda kutazama kufuli. Makumbusho ya wanasesere ya Paris, yale ya Impasse Berthaud karibu na Centre Pompidou, yalifunguliwa 1994 yakafungwa Septemba 2017, na mpaka leo wageni bado wanaelekezwa huko. Rosalie Whyel ya Bellevue, jimbo la Washington, ilifunga 2012. Pollock's ya London iliondoka Scala Street Januari 2023. Na hayo ni yale maarufu tu.

Sasa swali langu. Mtu ana siku chache katika nchi asiyoijua vizuri, anayapataje makumbusho na maduka yaliyo hai? Siulizii maduka ya vitu vya watoto kwenye majengo makubwa ya biashara. Naulizia lile duka ambalo mwenyewe anamgeuza mwanasesere taratibu, ananyanyua wigi kidogo kwa kidole na kukuonyesha namba iliyochapwa kisogoni.

Na anayejua aniambie pia: kwa nini yanafungwa?

#2 MzeeWaKauri

Binti, umegusa penyewe. Ushauri wangu: usifuate mji mkubwa, fuata kiwanda.

Wanasesere wengi wa kale wa Ujerumani walitoka kwenye miji midogo ya milimani, kwa watu waliofanya kazi majumbani mwao kwa ujira mdogo. Sonneberg, Thuringia, ndio mfano mkuu. Makumbusho yake ya vitu vya kuchezea yalianzishwa 1901 na ndiyo ya zamani kuliko yote ya aina hiyo Ujerumani. Familia moja ilikuwa inabonyeza vichwa vya karatasi iliyorojwa kwenye kalibu, jirani anapaka rangi, wa tatu anashona nguo, kisha akina mama wanabeba makapu mgongoni kupeleka kwa wafanyabiashara. Woolworth ya Marekani ilijenga ghala lake humo humo mjini. Na Armand Marseille, ambaye vichwa vyake vya namba 390 utavikuta karibu kila mnada, kiwanda chake kilikuwa Köppelsdorf, jirani kabisa na Sonneberg.

Ukivuka uliokuwa mpaka wa Ujerumani mbili unaingia Neustadt bei Coburg, nako kuna makumbusho ya sekta hiyo hiyo ya kutengeneza vitu vya kuchezea. Miji hii haiwezi kuyafunga makumbusho yake kirahisi, kwa sababu ndiyo historia ya babu zao. Ndiyo maana nasema fuata kiwanda.

#3 TreniYaAlfajiri

Mzee wangu #2, shikamoo. Nakubali historia, ila mleta mada kasema siku chache. Sonneberg unakwenda kwa kubadilisha treni, siku imekwisha. Mji mkubwa una faida yake: wanasesere wamo ndani ya makumbusho ambayo hayafungwi, kwa kuwa hayaishi kwa wanasesere peke yao.

London, ile V&A ya watoto kule Bethnal Green ilifungwa kwa ukarabati ikafunguliwa tena Julai 2023 kwa jina la Young V&A, na kuingia ni bure. Edinburgh kuna Museum of Childhood pale High Street, nayo bure. Nuremberg ina makumbusho ya vitu vya kuchezea tangu 1971, pale Karlstraße, katikati ya mji mkongwe, na Nuremberg inafikika kwa treni yoyote kubwa. Amsterdam ingia Rijksmuseum, ulizia nyumba ya wanasesere ya Petronella Oortman ya mwishoni mwa karne ya 17. Mama yule alijazia vyumba vyake porseleni halisi, marumaru halisi na vikapu vilivyosukwa kwa kipimo chake. Wanasema gharama yake ilitosha kununua nyumba ya kweli kando ya mfereji.

#4 NyuziNaSindano

Kaka Treni, mleta mada anatafuta wanasesere, wewe unampeleka kuangalia samani 😄 Nyumba ya Oortman sasa hivi inasifika kwa vyumba kuliko wakazi wake.

#5 TreniYaAlfajiri

Dada Nyuzi, bila nyumba hao wakazi wangelala wapi? Na sijataja bado ile ya Malkia Mary pale Windsor, ya 1924, iliyobuniwa na msanifu majengo Lutyens kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili, yenye maji ya bomba na umeme unaowaka. Mkusanyaji asiyependa nyumba ya wanasesere hajawahi kuinama akachungulia dirishani mwake.

#6 MamaSalama

Shukrani kwa uzi. Naongeza Monaco: kuna mkusanyiko wa Madame de Galéa, wanasesere wa karne ya 19 na mashine zinazojiendesha zenyewe. Villa Sauber.

#7 Karani_wa_Forodha

Mama Salama, heshima kwako. Mkusanyiko wa Galéa upo na ni mali ya makumbusho ya taifa ya Monaco, lakini Villa Sauber siku hizi ni jumba la maonyesho ya sanaa ya sasa. Usiende ukitegemea kuwakuta kwenye kabati kama zamani. Andika barua pepe kwanza, uulize kama kuna onyesho linalowatoa ghalani.

Na hili linajibu nusu ya swali la kwa nini. Mengi "yaliyofungwa" hayajafa, yamehamia stoo. Mkusanyiko unaendelea kuwepo na namba zake za kumbukumbu zipo, ila hauuoni. Mtafiti akiomba miadi anaweza kufunguliwa. Mtalii hajui kama kuna mlango huo.

#8 Kabati_la_Vioo

Mimi naona sababu ni kodi ya pango na umri wa wenyewe. Makumbusho ya Paris yalikuwa ya baba na mwanawe, ukusanyaji wao binafsi. Ya Bellevue yalibeba jina la mwenyewe. Jumba la mtu mmoja linaishi kadiri mtu huyo anavyoweza kulibeba. Angalia yanayodumu: Basel wana Spielzeug Welten Museum, ghorofa nne, vitu zaidi ya 6,000, pamoja na dubu wa kale wengi sana, na nyuma yake kuna taasisi yenye fedha. Ikiwa unapanga safari, chunguza nani analipa umeme wa jengo. Ikiwa ni halmashauri, chuo au taasisi, nenda kwa amani. Ikiwa ni mtu binafsi, mpigie wiki hiyo hiyo unayosafiri.

#9 Mwakani_Tena

Kuna jambo jingine hamlisemi. Watu wamefundishwa kuwaogopa wanasesere. Filamu za kutisha zimefanya kazi yake. Nimesimama mbele ya kabati la wanasesere wa Jumeau, yule mtengenezaji wa Ufaransa wa karne ya 19, kazi ya mikono ambayo hakuna anayeirudia leo, na familia nzima ikapita nyuma yangu kwa haraka, mtoto anaambiwa "usiwatazame machoni". Moyo uliniuma. Jumeau alifanya macho yale ya kioo yawe na kina ili mtoto aone kuna mtu ndani. Sasa sifa hiyo hiyo ndiyo inayowakimbiza wageni.

#10 MzeeWaKauri

#9 sikatai, ila soko nalo lina neno. Kizazi kilichokuwa kinanunua vichwa vya kauri kinazeeka, makabati yao yanaingia mnadani kwa pamoja, na vile vya kawaida vimeshuka bei sana. Ile 390 niliyoitaja ilikuwa inauzwa kwa majigambo; leo anayeanza anaweza kuimudu. Bru na Jumeau nzuri, za Ufaransa, bado ziko juu. Jumba lililotegemea duka lake la kuuza vya kale ili lijiendeshe lazima litetereke.

#11 Sakafu_ya_Tatami

Wote mnaongelea Ulaya utafikiri dunia inaishia Basel. Niwapeleke Japani, maana huko mtindo ni mwingine kabisa: wanasesere hawajafungiwa makumbusho, wamo kwenye kalenda.

Tarehe 3 Machi ni Hinamatsuri, sikukuu ya wanasesere, ambao siku hiyo huitwa hina. Kuanzia Januari hadi mwisho wa Februari, ukishuka kituo cha Asakusabashi, Tokyo, unakuta maduka ya wanasesere ya tangu enzi za Edo. Yoshitoku ilianzishwa 1711. Ingia hata kama hununui. Utaona mfalme na malkia wamekaa juu ya ngazi za kitambaa chekundu, chini yao wahudumu watatu wa kike, chini zaidi wapiga ala watano, na kila mmoja ana kifaa chake mkononi. Mpiga ngoma ana vijiti vyembamba kama njiti za kiberiti. Ukija Aprili, maonyesho hayo yameshafungashwa. Kwa hiyo swali la "wapi" kwa Japani huwezi kulitenga na swali la "lini".

Ukitaka fundi, nenda Iwatsuki, mji wa Saitama. Unapanda treni Omiya, haichukui muda. Ndio mji wa kazi hiyo, na Februari 2020 manispaa ilifungua Iwatsuki Ningyo Museum. Jambo moja lililonishika pale ni jinsi kichwa kinavyotengenezwa kwa njia ya zamani: vumbi la mti wa kiri linachanganywa na gundi ya wanga, linakandamizwa kwenye kalibu, kisha linapakwa gofun, unga mweupe wa magamba ya chaza, tabaka juu ya tabaka. Macho yamo ndani tayari, yamefunikwa na weupe ule. Fundi anachukua kisu kidogo na kuyafungua kwa kukata. Akipitiliza kidogo tu, sura yote imeharibika.

Yokohama kuna makumbusho mengine tangu 1986, karibu na bustani ya Yamashita, yenye wanasesere kutoka nchi zaidi ya 100. Kyoto kuna hekalu la Hokyo-ji ambalo watu huliita hekalu la wanasesere, ila hufungua kwa umma kwa vipindi vifupi tu, majira ya kuchipua na ya vuli. Ukikosa kipindi umekosa.

#12 NyuziNaSindano

Uzi umeanza sasa. Tatami, na wale wa viungo? Naona watu wanabeba wanasesere wakubwa kwenye mabegi maalumu huko Akihabara, Tokyo.

#13 Sakafu_ya_Tatami

Hao ni ukoo mwingine. Volks, kampuni ya Kyoto, ilianza kuuza Super Dollfie 1999: resini, viungo vya duara kama gololi, na uzi wa mpira unaopita ndani kuwashikilia. Volks wana duka Akihabara. Kwa vilivyotumika nenda Nakano Broadway, maduka ya Mandarake yametawanyika ghorofa kadhaa, na la wanasesere ni lao peke yake. Huko utakutana pia na Licca, aliyeanza 1967 na ambaye ana "kasri" lake Ono, mkoa wa Fukushima, kiwanda na makumbusho pamoja. Mzee Kauri atafurahi, fuata kiwanda imetimia.

Halafu Blythe. Kenner ya Marekani ilimtoa 1972, akauzwa mwaka mmoja tu kwa sababu macho yale makubwa yanayobadilika rangi ukivuta kamba yaliwatisha watoto. Japani ikamfufua 2001. Kwa hiyo #9, ulichosema kina mifano ya zamani kuliko filamu za sasa.

#14 Nasra_M

Nimesoma kimya, sasa naomba kuuliza. Anayetafuta historia ya wanasesere weusi aelekee wapi? Makumbusho mengi niliyopita yanawaweka wawili watatu pembeni, bila maelezo.

#15 Karani_wa_Forodha

Nasra, Marekani ndiko penye mengi. Anzia The Strong, Rochester, jimbo la New York. Mwanzilishi wake, Margaret Woodbury Strong, alikuwa mkusanyaji wa wanasesere wa kiwango kisicho cha kawaida, na hapo hapo ndipo ulipo ukumbi wa heshima wa kitaifa wa vitu vya kuchezea. Baby Nancy aliingizwa humo 2020. Alitolewa 1968 na Shindana Toys, kampuni iliyozaliwa Los Angeles baada ya ghasia za mtaa wa Watts, ikiendeshwa na jamii yenyewe, na walihangaika mpaka wakapata nywele na sura zinazofanana na watoto wao.

Pia kuna wale wanasesere wa Kenneth na Mamie Clark, wanasaikolojia waliowauliza watoto, kati ya mwanasesere mweusi na mweupe, yupi ni mzuri na yupi ni mbaya. Matokeo yao yalitumika katika kesi ya Brown dhidi ya Bodi ya Elimu iliyoamuliwa 1954, ile iliyopiga marufuku kutenganisha wanafunzi kwa rangi katika shule za umma. Mmoja wa wanasesere hao anahifadhiwa Topeka, Kansas, kwenye eneo la kumbukumbu ya kesi hiyo. Halipo kwenye orodha yoyote ya "maduka na makumbusho ya midoli", na kwangu hilo ndilo la kwanza la kwenda.

#16 Nasra_M

Ubarikiwe kaka. Hilo la Topeka sikuwahi kulisikia.

#17 Kabati_la_Vioo

Naongezea la #15: New-York Historical Society walifanya onyesho zima la wanasesere weusi 2022, wengi wao wameshonwa kwa mkono na wanawake weusi kwa ajili ya watoto wao au watoto waliokuwa wanawalea. Lilikuwa la muda, limeisha. Ndiyo maana nasema mtu aangalie kalenda ya maonyesho ya muda ya makumbusho makubwa ya historia kabla ya kutafuta jumba lenye neno "mwanasesere" mlangoni.

#18 Pochi_Nyepesi

Wakuu, mimi ni mnunuzi. Nionyesheni maduka. Na je, nikiona Barbie ana maandishi ya 1966 mgongoni nimepata wa 1966? Muuzaji mmoja wa sokoni aliapa.

#19 NyuziNaSindano

Pochi, usimlipe kwa mwaka huo! 1966 ni mwaka wa haki ya umbo la kiwiliwili. Mattel waliendelea kuutumia mwili huo na chapa hiyo mpaka miaka ya 1990. Unaweza kuwa na Barbie wa 1989 mwenye 1966 makalioni. Angalia alama ya kichwa, nchi ya utengenezaji, kope, mikono, magoti. Barbie wa kwanza kabisa, wa 1959, ana matundu nyayoni yenye mirija ya shaba ndani ya miguu, kwa ajili ya kumsimamisha kwenye kigingi. Na wa miaka hiyo ya mwanzo walitengenezwa Japani.

Chunguza masikio pia. Hereni za chuma za zamani zinaacha kijani kinachoingia ndani ya plastiki, na kijani hicho huenea. Wauzaji wengine huficha kwa nywele. Omba ruhusa uzisogeze.

#20 MzeeWaKauri

Kwa kauri, vijana wabebe kurunzi ndogo. Ukiwa na ruhusa ya mwenye duka, wigi likivuliwa, ingiza mwanga ndani ya kichwa kupitia tundu la utosini. Ufa wa unywele ambao jicho halioni nje utajitokeza kama mstari mweusi. Muuzaji mwaminifu atakufanyia mwenyewe kabla hujaomba.

Kuhusu tarehe: sheria ya ushuru ya McKinley ya Marekani ya 1890 ililazimisha bidhaa zinazoingia huko ziandikwe nchi zilikotoka kuanzia 1891. Kichwa chenye neno "Germany" kwa kawaida ni cha kuanzia hapo.

#21 Karani_wa_Forodha

Mzee, kwa kuanzia hapo sawa, ila asitokee mtu akageuza hesabu kwamba kisicho na neno hilo ni cha kabla ya 1891. Vilivyouzwa nchi nyingine havikulazimika kuandikwa, na seti moja inaweza kuwa na alama kwenye mwili au lebo ya nguo tu. Kutokuwepo kwa alama hakuthibitishi kitu.

#22 TreniYaAlfajiri

Maduka kwa Pochi: Paris nenda Passage Jouffroy, duka la Pain d'Épices, lina ghorofa yenye vitu vya nyumba za wanasesere, vikombe vidogo kama punje ya dengu. Kwa vya kale, soko la Saint-Ouen, kaskazini mwa Paris, Jumamosi hadi Jumatatu. London, Portobello Jumamosi asubuhi mapema. Brussels, uwanja wa Jeu de Balle kila siku. Kyoto, hekalu la Toji tarehe 21 ya kila mwezi na Kitano Tenmangu tarehe 25. Seti za hina za zamani hutandazwa chini pale, mara nyingi zimepungua mpiga ala mmoja au wawili.

#23 Sakafu_ya_Tatami

Kuhusu hizo za Toji: wengi Japani hawapendi kurithi hina ya mtoto mwingine, ndiyo maana zinaishia sokoni au zinapelekwa hekaluni. Kule Kada, Wakayama, jumba la ibada la Awashima limejaa maelfu ya wanasesere walioletwa na wenyewe ili waagwe, na tarehe 3 Machi baadhi husukumwa baharini kwenye mashua. Kwa mkusanyaji ni sehemu ngumu kusimama. Unawaona wengine ni wa zamani sana, wazima, na hawauzwi. Hawapaswi kuuzwa.

#24 MamaSalama

Mimi nimepata maduka mazuri kwa njia ambayo hamjaitaja: tafuta hospitali ya wanasesere. Lisbon ipo moja Praça da Figueira, Hospital de Bonecas, inafanya kazi tangu 1830. Unapanda ngazi unakuta droo za macho, droo za mikono, droo za wigi, na vyumba vya makumbusho juu yake. Naples kuna Ospedale delle Bambole, kwenye ile barabara nyembamba inayopasua mji mkongwe, iliyoanzishwa mwishoni mwa karne ya 19 na mtu aliyekuwa akitengeneza mandhari za maigizo ya vikaragosi.

Fundi wa matengenezo anamjua kila mkusanyaji wa mji wake, kwa sababu wote wanamletea wagonjwa. Ukimsalimia vizuri na ukamwuliza "nani anauza hapa kwa uaminifu?", atakuambia majina ambayo hayamo kwenye ramani yoyote ya simu. Yule wa mji mmoja niliopita alifunga saluni yake ya wigi kwa muda akanisindikiza mwenyewe mpaka kona.

#25 Mwakani_Tena

Mama Salama, hii ni dhahabu.

#26 Pochi_Nyepesi

Hospitali ya midoli! Na mimi nilidhani nimeshasikia yote. Sasa kodi: nasikia unarudishiwa ukitoka?

#27 Karani_wa_Forodha

Inategemea. Uingereza waliondoa utaratibu wa kuwarudishia wageni kodi ya ongezeko la thamani kuanzia Januari 2021, isipokuwa Ireland ya Kaskazini. Nchi za Umoja wa Ulaya bado wanarudisha kwa wasioishi humo, ukivuka kiwango cha chini cha ununuzi, na kila nchi ina chake. Ufaransa lazima upite yuro 100. Fomu inagongwa muhuri kwenye nchi ya mwisho ya Umoja unayotokea, kabla mzigo haujakabidhiwa ndege.

Lakini wanaonunua vya kale wasijenge matumaini. Wauzaji wa vilivyotumika wengi hutoza kodi kwenye faida yao tu, haionekani kwenye risiti, hivyo mara nyingi hakuna cha kurudishiwa. Sokoni kwa mtu binafsi hakuna kabisa.

Chunga pia vifaa vya mwanasesere. Kipepeo cha kujipepea cha pembe ya ndovu au kichana cha gamba la kasa, hata kiwe kidogo kama ukucha, kinaingia kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka. Forodha haiangalii ukubwa.

#28 BintiMakasha

Asanteni wote, nimeandika kurasa. Bado naona mmegawanyika: Mzee kasema kiwanda, Treni kasema mji mkubwa, Tatami kasema kalenda, Mama Salama kasema hospitali. Nijaribu kuwabana kidogo. Nikisema Uhispania, kila mmoja angenipeleka wapi?

#29 MzeeWaKauri

Onil, mkoa wa Alicante, bila kufikiri mara mbili. Kampuni ya Famosa ilizaliwa hapo 1957 kwa kuunganisha karakana za mji, na mwanasesere wao Nancy, wa 1968, amelelewa na kizazi kizima cha Wahispania. Makumbusho ya wanasesere yapo mjini hapo hapo, na Ibi, mji jirani, una makumbusho yake ya vitu vya kuchezea.

#30 TreniYaAlfajiri

Mimi ningebaki Madrid, niende El Rastro Jumapili asubuhi. Nancy hao hao wa Onil utawakuta pale wakiwa na nguo zao.

#31 Sakafu_ya_Tatami

Na mimi ningeuliza ni mwezi gani, Treni asichukie 😄

#32 Kabati_la_Vioo

Angera, Italia, kwenye ngome ya Borromeo kando ya Ziwa Maggiore, ni mfano unaowaunganisha. Makumbusho ya wanasesere yako humo tangu 1988, mkusanyiko mkubwa, lakini ngome hufunga majira ya baridi. Kwa hiyo Tatami ana hoja hata Ulaya. Ila hoja yangu kuhusu nani analipa umeme bado iko pale pale: ngome ya familia ile ile kwa karne nyingi ni tofauti na chumba cha kupanga.

#33 Mwakani_Tena

Kabati, familia nazo huuza ngome. Sijashawishika kwamba ni suala la fedha tu.

#34 Nasra_M

Kabla hamjaendelea, nina la haraka. Nimepata kichwa cha seluloidi, ile plastiki ya zamani, chenye alama ya kasa ndani ya pembe nne. Nasafiri keshokutwa, nchi ya joto. Kinafaa kuwekwa kwenye sanduku linaloingia chini ya ndege?

#35 NyuziNaSindano

Hiyo ni alama ya Schildkröt, kiwanda cha Mannheim, Ujerumani, hongera. Kibebe mkononi, lakini sababu kubwa si ndege, ni muda utakaokaa kwenye boksi juani baada ya kushuka. Seluloidi ya zamani huwaka haraka sana na haipendi joto wala kufungiwa. Usikizungushie plastiki. Karatasi laini isiyo na asidi au shuka safi la pamba, boksi la karatasi lenye matundu, kisikae dirishani wala ndani ya gari lililofungwa. Ukifika kitoe kipate hewa.

#36 Karani_wa_Forodha

Kabla hujaondoka waulize shirika la ndege kama wanakipokea, kwa sababu kinashika moto. Na uwe na risiti inayoandika "mwanasesere wa kale, kichwa" pamoja na bei.

#37 Nasra_M

Risiti ninayo. Boksi natafuta sasa hivi. Alama ya kasa ina namba 32 chini yake, nayo ni nini?

#38 MzeeWaKauri

Hiyo kwa kawaida ni urefu wa mwanasesere mzima kwa sentimita. Maana yake mwili wa kukifaa kichwa chako utafute wa kipimo hicho. Kabla hujaondoka mji huo, mwulize Mama Salama kama kuna hospitali.